Mpira Ubaki Mpira: Namna ya Kupima Filamu za Vichekesho Zinazochanganya Kungfu na Soka

Mwanzoni mwa Shaolin Soccer, filamu ya Hong Kong ya mwaka 2001, kijana mzoa taka aitwaye Sing analipiga teke kopo la bia mbele ya mzee mlevi anayechechemea. Kopo linapaa, linapotelea angani, halirudi. Mtazamaji anacheka na kusahau. Baadaye mzee huyo, jina lake Fung, analikuta kopo limezama ukutani, limenasa kabisa. Hapo ndipo anapotambua kwamba yule kijana hakuwa mropokaji, na hapo ndipo hadithi nzima inapoanza kutembea.

Anayetaka kutofautisha filamu nzuri na hafifu katika aina hii aanze na kopo hilo. Nguvu ya Sing imetiwa chumvi kupita kiasi. Hakuna binadamu mwenye teke la namna hiyo. Lakini kopo limetua mahali. Limekwenda umbali, limegonga kitu kigumu, limeacha alama, na yupo mtu aliyeiona alama hiyo akabadilisha maisha yake kwa sababu yake. Fundi mzuri huitia chumvi nguvu peke yake, kisha matokeo ya nguvu hiyo huyahesabu kwa uaminifu mpaka senti ya mwisho. Fundi hafifu hutia chumvi kila mahali, na baada ya nusu saa mtazamaji hajali tena nani kapiga nini na mpira umekwenda wapi.

Filamu za aina hii si nyingi. Zimezaliwa Hong Kong, na sababu inaonekana: mji huo ulikuwa na mastadi wa sarakasi na mapigano waliolelewa katika shule za opera ya Kichina, ulikuwa na mashabiki wa soka, na ulikuwa na watengenezaji filamu waliothubutu kuchanganya chochote na chochote ili watu wanunue tiketi. Jackie Chan aliweka mechi ya jianzi, ule mchezo wa Kichina wa kupiga kinyoya kwa mguu kisianguke chini, ndani ya Dragon Lord ya mwaka 1982. Mwaka uliofuata ikaja The Champions, ambamo Yuen Biao anasakata soka kwa viungo vya mwanasarakasi. Kisha mwaka 2001 Stephen Chow, akisaidiana na Lee Lik-chi katika uongozaji, akatoa Shaolin Soccer. Ilipita dola milioni 60 za Hong Kong katika kumbi za mji huo, rekodi kwa filamu ya nyumbani wakati ule, na mwaka 2002 ikachukua tuzo ya filamu bora ya Hong Kong, pamoja na tuzo za mwongozaji bora na mwigizaji bora kwa Chow mwenyewe. Waigaji wakafuata: besiboli ya Kijapani, mpira wa kikapu wa Taiwan, hata voliboli ya ufukweni.

Mtazamaji wa Afrika Mashariki hana sababu ya kujiona mgeni katika jambo hili. Kumbi za video za Nairobi na vibanda umiza vya Dar es Salaam vimeonyesha ligi ya Uingereza na picha za Kichina kwa watu walioketi kwenye benchi lile lile, mara nyingi siku ile ile. Wasimulizi kama Lufufu kwa upande wa Tanzania na DJ Afro kwa upande wa Kenya walizifanya picha za kigeni zizungumze Kiswahili. Aliyekulia kwenye benchi hilo ana macho ya aina mbili. Jicho la soka linajua mpira uliotoka hata kama refa hajapuliza. Jicho la kareti linajua teke lililogusa na teke lililokata hewa. Filamu hizi hazina budi kuyaridhisha macho yote mawili kwa wakati mmoja, na nyingi huanguka kwa kuwa zimechagua moja na kulidharau lingine.

Tuanze na uwanja, kwa maana hapo ndipo wengi wanapokosea.

Katika fainali ya Shaolin Soccer mpira unawaka moto, unachimba ardhi, unachana nguo za wachezaji. Pamoja na vurugu zote hizo, mistari ya uwanja haijasogea hata inchi moja. Bao ni bao pale tu mpira unapovuka mstari wa goli. Filimbi ya refa ina nguvu yake. Hesabu ya wachezaji ina maana, na mvutano wote wa dakika za mwisho umejengwa juu ya sheria ambayo mtoto wa darasa la pili anaijua: timu haiwezi kuendelea bila kipa na bila watu wa kutosha. Golikipa wa kwanza anaumia mikono. Anayechukua nafasi yake naye anavunjwa. Timu inakaribia kupoteza mechi kwa kukosa mtu wa kusimama golini, na mtazamaji anashika roho, ingawa dakika moja iliyopita alikuwa akitazama mpira uliogeuka kuwa moto. Anashika roho kwa sababu anaifahamu sheria hiyo, na amethibitishiwa kwamba filamu haitaivunja.

Linganisha na Kung Fu Dunk ya mwaka 2008, iliyoongozwa na Chu Yen-ping wa Taiwan. Mtunga mapigano wake ni Ching Siu-tung, yule yule aliyepanga mapigano ya Shaolin Soccer. Mhusika mkuu ni Jay Chou, ambaye wakati ule alikuwa miongoni mwa waimbaji waliopendwa kuliko wote katika ulimwengu wa Kichina. Wazo lenyewe ni zuri: mtoto aliyetelekezwa kwenye uwanja wa mpira wa kikapu analelewa katika shule ya kungfu, anakuwa na shabaha isiyokosea, na mjanja wa mjini, aliyechezwa na Eric Tsang, anamgeuza kuwa nyota wa kikapu. Fedha zipo, fundi yupo, sura ya kuvutia ipo. Halafu inakuja fainali, mambo yanakwenda mrama, na kijana anatumia uwezo wake kuurudisha wakati nyuma ili mechi ichezwe upya kama anavyotaka. Jicho la soka linafumba pale pale. Kama saa inaweza kurudishwa, basi hakuna kipigo kilichowahi kuwa kipigo, na pointi zote tulizozihangaikia tangu mwanzo zimefutwa. Uwezo wa ajabu unaruhusiwa kuusukuma mpira. Haujawahi kuruhusiwa kuisukuma saa ya mchezo.

Shaolin Girl, filamu ya Kijapani ya mwaka huo huo, ina kosa la aina nyingine. Msichana anarudi Japani baada ya miaka ya mafunzo huko Shaolin, anajiunga na timu ya chuo ya lacrosse, mchezo wa kurushiana mpira kwa vijiti vyenye wavu, na kwa muda tunaona jambo la thamani: mtu mwenye nguvu nyingi asiyejua kumpa mwenzake pasi. Hapo palikuwa na filamu nzima. Lakini kadiri hadithi inavyosogea timu inaachwa nyuma, naye anapambana peke yake na maadui ndani ya jengo kama katika picha yoyote ya kareti. Stephen Chow alikuwa miongoni mwa wasimamizi wa utayarishaji wake, na waigizaji wawili wa Shaolin Soccer wanaonekana ndani yake. Undugu huo haukuisaidia. Filamu iliyoahidi mchezo inapaswa kumalizia uwanjani.

Battlefield Baseball ya Yudai Yamaguchi, ya mwaka 2003, nisingeipima kwa mizani hii kabisa. Ni kichekesho cha damu na maiti zinazotembea, na besiboli ndani yake ni vazi tu.

Sasa mwili. Teke lolote la kweli lina mzizi. Mguu wa kusimamia unakita chini, goti la mguu wa kupigia linatangulia, kiuno kinageuka, na mwisho kabisa ndipo unyayo unakutana na mpira. Mchezaji wa soka na mpiga kungfu wanakubaliana katika jambo hili, na ndiyo maana michezo hii miwili inaoana vizuri kuliko kungfu na kikapu. Mjuzi anapotazama filamu, haangalii mpira kwanza. Anaangalia mguu wa kusimamia. Kisha anaangalia kama mpigaji na mpira wameonekana pamoja katika picha moja, au kama kamera imekata: uso wa mchezaji, kisha kiatu, kisha mpira unaruka. Kukata mara tatu kwa shuti moja, mara nyingi, ni dalili kwamba hapakuwa na shuti.

Kwa kipimo hiki The Champions bado ni mwalimu. Yuen Biao alilelewa tangu utotoni katika shule ya opera ya bwana Yu Jim-yuen mjini Hong Kong, pamoja na Jackie Chan na Sammo Hung, na mwili wake unajua kupinduka hewani bila kutafuta msaada. Anacheza kijana wa shamba anayeingia mjini na kipaji cha soka, akikabiliwa na nyota mwenye kiburi aliyechezwa na Dick Wei. Hadithi ni nyepesi, na vichekesho vyake vingine vimezeeka vibaya. Lakini anapopiga tik-taka, anapiga tik-taka. Anapanda, anapinduka, mguu unaukuta mpira juu, anatua. Ilikuwa mwaka 1983. Hapakuwa na kompyuta ya kumchorea mpira. Dragon Lord inafaa kutazamwa kwa sababu hiyo hiyo, na usizime maandishi ya mwisho yanapoanza kupita, kwani Jackie Chan ameweka hapo vipande vya majaribio yaliyoharibika. Watu wanaanguka, wanagongana, wanashika viuno. Ndiyo gharama ya dakika chache za jianzi.

Stephen Chow, aliyemcheza Sing, hakuwa na mwili wa Yuen Biao. Alimpenda Bruce Lee tangu utotoni, akajifunza kungfu kidogo, akawa mchekeshaji wa televisheni kisha wa sinema. Kwa hiyo Shaolin Soccer inategemea waya na kompyuta, na mpira wake mara nyingi umechorwa. Je, hilo linaiangusha? Hapana, na sababu yake ni Ching Siu-tung. Huyu ndiye aliyeongoza A Chinese Ghost Story mwaka 1987 na ndiye aliyekuja kupanga mapigano ya Hero ya Zhang Yimou mwaka 2002. Anajua namna ya kuufanya mwili uliofungwa waya uonekane umeamua wenyewe kupaa. Tazama Sing anapojiandaa kupiga. Anatulia. Anainua goti taratibu hadi mguu unasimama wima juu ya kichwa, na anauacha hapo sekunde nzima. Mwili umeshasema kila kitu kabla kompyuta haijafungua mdomo. Mwili unaanza, mashine inamalizia. Huo ndio mpangilio sahihi. Katika kazi hafifu mashine inaanza, na mwigizaji anafuata nyuma akijifanya kushangaa.

Kuna tukio moja katika filamu hii ambalo ningemwonyesha yeyote anayetaka kujifunza fani hii, na ningelirudia mara kadhaa: mechi ya mazoezi. Sing amewakusanya kaka zake wa hekalu la Shaolin, watu wazima waliokwisha sahau mafunzo yao. Mmoja anafanya kazi za chini katika klabu ya usiku, ambako bosi wake humpasulia chupa kichwani. Mwingine anaosha vyombo. Mwingine ni mfanyabiashara asiyeachana na simu. Mwingine hana kazi. Mdogo wao amenenepa na anakula bila kukoma. Fung, ambaye zamani alikuwa nyota aliyeitwa Mguu wa Dhahabu, anawapangia mechi na wahuni wale wale ambao Sing aliwahi kuwachapa mtaani kwa mpira.

Wahuni wanaingia uwanjani na vifaa. Nyundo inadondoka kwenye nguo ya mmoja, spana kwa mwingine, na maelezo yanatolewa kwa uso mkavu: yeye ni fundi magari, ni kawaida yake kutembea na spana. Hakuna anayecheka ndani ya filamu. Kichekesho cha Hong Kong cha mtindo wa mo lei tau, ambao Chow aliupeleka mbali kuliko mwenzake yeyote, kinategemea jambo hili: upuuzi unasemwa kwa heshima yote, na anayeambiwa anaupokea kwa heshima yote. Mwigizaji akikonyeza jicho kuelekea kamera, kazi imeharibika.

Halafu wanapigwa. Mechi inageuka kuwa vita, na namna ya kupiga picha inageuka pamoja nayo: vumbi, milipuko, watu wanaotambaa kana kwamba risasi zinapita juu yao. Kaka mkubwa, mtu mzima, analazimishwa kukubali kushindwa kwa kuvaa chupi kichwani. Hapo kicheko kinaanza kukwama kooni, na ni lazima kikwame. Filamu imetufikisha mahali ambapo aibu ya mtu ni ya kweli, na kutokana na aibu hiyo, si kutokana na hotuba yoyote, mafunzo ya zamani yanarudi mwilini. Mmoja anaunasa mpira kwa mikono iliyokumbuka kazi yake. Mwingine anaupokea kwa kichwa kile kile kilichozoea chupa. Mnene anapaa. Wanapeana pasi. Kicheko kinarudi, lakini sasa kimebeba furaha, na wahuni wenyewe wanaishia kuomba kujiunga na timu. Ombi hilo linatatua pia swali dogo ambalo jicho la soka lilikuwa limeanza kuuliza: kaka sita watajazaje timu ya watu kumi na mmoja?

Ndani ya tukio hilo mna kipimo kingine, cha timu. Kila kaka ana ujuzi mmoja, na ujuzi huo tumeuona kabla hajavaa jezi: kichwa kimevunja chupa kazini kabla hakijapiga mpira. Tunapofika uwanjani hatuhitaji kuelezwa. Tena kila ujuzi una nafasi yake ya soka. Mwenye mikono ya kunasa ni kipa, naye anachezwa na Danny Chan, aliyefanana na Bruce Lee kiasi kwamba Chow alimvalisha nguo za njano zenye mstari mweusi kama alizovaa Bruce Lee katika Game of Death. Miaka michache baadaye, mwaka 2008, alimcheza Bruce Lee mwenyewe katika tamthilia ya televisheni. Bao linatengenezwa kwa mpira kupita kwa mmoja, wa pili, wa tatu. Ukiondoa mtu mmoja, mnyororo unakatika. Jiulize swali hilo kwa kila filamu ya aina hii: nikimwondoa mchezaji wa tatu, bao linabaki? Katika Kung Fu Dunk bao mara nyingi linabaki, kwa kuwa Jay Chou ndiye stelingi na wenzake wanampisha. Kikapu kina wachezaji watano uwanjani, na ilikuwa rahisi zaidi kumpa kila mmoja kazi. Hiyo ni hasara ya kujitakia.

Kuhusu adui nitasema machache. Adui mzuri katika filamu hizi anaujua mchezo. Hung wa Shaolin Soccer, aliyechezwa na Patrick Tse, nyota mkubwa wa sinema ya Hong Kong enzi za miaka ya 1960, anamharibu Fung kwa hundi: anamlipa akose penalti, kisha maisha ya Fung yanavunjika pamoja na mguu wake. Uovu huo kila shabiki wa soka anauelewa, maana kila ligi duniani ina hadithi ya mechi iliyouzwa. Timu ya Hung inachomwa dawa za kuongeza nguvu, na golikipa wake analidaka shuti la Sing kwa mkono mmoja. Kudaka huko ni muhimu sana. Kabla yake tulizoea kuamini kwamba mguu wa Sing hauzuiliki. Baada yake kila kitu kiko mashakani. Filamu ambayo shuti la stelingi halijawahi kudakwa haina mechi ndani yake.

Na kutoka hapo tunafika kwenye kipimo kigumu kuliko vyote: adui anashindwaje? Njia rahisi ni stelingi kupata nguvu kubwa zaidi. Alikuwa na kumi, adui ana ishirini, basi mpe arobaini. Waigaji wengi wamekwama hapo. Shaolin Soccer inakwenda njia nyingine. Katika dakika zake za kwanza tumemwona Mui, aliyechezwa na Zhao Wei, akikanda unga wa mantou, mikate laini ya mvuke, kwa mizunguko ya taichi. Anageuza donge la unga hewani bila kulishindilia. Nguvu inapokelewa, inazungushwa, inaelekezwa kwingine. Wakati ule tuliona urembo tu. Katika fainali, goli likiwa tupu, Mui anaingia kuwa kipa. Mpira uliowavunja wanaume wawili unamfikia, naye anaupokea kwa mzunguko ule ule wa unga, anaupoza, kisha yeye na Sing kwa pamoja wanaupeleka upande wa pili. Jawabu lilikuwa mezani tangu mwanzo, na ni la aina tofauti kabisa na tatizo. Katika filamu zote za aina hii nilizoziona, hakuna suluhisho lililopangwa vizuri kuliko hilo.

Ni vyema pia kusema filamu hii inakosea wapi, kwa sababu anayependa kitu kwa macho yaliyofumbwa hawezi kukipima. Inamcheka Mui kwa chunusi zake kupita kiasi. Inapomfanya ajaribu kujirembesha na kuchekwa na wote, inamwachia maumivu bila kumpa maneno ya kutosha ya kuyajibu. Utani juu ya mwili wa yule kaka mnene nao ni wa rejareja. Vipodozi vya Mui vilivyozidi ni kicheko cha dakika moja. Taichi yake ni ya kudumu, na Chow hakuona kwamba cha kwanza kinakipunguzia cha pili heshima. Afadhali kidogo ni pale Karen Mok na Cecilia Cheung wanapotokea kama wachezaji wa timu pinzani wenye masharubu ya bandia, maana pale wanawake ndio wenye utani mikononi.

Kuna jambo la wakati wake ambalo linaiongezea filamu hii uzito. Ilitoka Julai 2001. Oktoba mwaka huo huo China ilifuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza katika historia yake, na mwaka 2002 ikaenda Korea Kusini na Japani, ikafungwa mechi zote tatu na Costa Rica, Brazil na Uturuki bila kupata hata bao moja. Ndoto ya Sing, kwamba mafunzo ya kale yanaweza kumpa mtu wa kawaida nguvu uwanjani, ilipokelewa na watazamaji waliokuwa wakiota ndoto ya aina hiyo kwa taifa zima.

Lakini ndoto ya Sing hasa haikuwa soka. Anasema mapema, akiwa barabarani, kwamba kungfu ingemsaidia kila mtu katika maisha yake: anayeteleza kwenye ganda la ndizi asingeanguka, anayehangaika kuegesha gari asingehangaika. Fung anamwona mwendawazimu. Mwisho wa filamu tunaonyeshwa mji ambao haya yametimia: mtu anateleza na kutua kwa ustadi, mwanamke anaisukuma gari yake kati ya magari mawili kwa pigo moja. Ni kicheko kilichopandwa mwanzoni na kuvunwa baada ya saa nzima na zaidi, na mvuno unazidi mbegu, kwa kuwa safari hii anayecheza kungfu si stelingi tena. Ni mpita njia. Ukitazama filamu nyingine za aina hii, hesabu vichekesho vilivyopandwa na vilivyovunwa. Kichekesho kinachozaliwa na kufa katika picha moja ni cha bei rahisi. Filamu yenye hivyo tupu haitazamwi mara mbili.

Kuhusu sauti, jaribu hili: zima sauti kabisa katika mechi yoyote, tazama dakika tano. Kama bado unajua nani ana mpira, anaelekea goli gani, na kwa nini kipa ameogopa, mpiga picha na mhariri wamefanya kazi yao. Kama umepotea, basi ulikuwa ukibebwa na muziki na vishindo. Wasimulizi wetu wa video walikuwa wakiipima picha namna hii bila kusema: sauti ya asili inashushwa, maneno mapya yanawekwa juu yake, na picha inayojitosheleza kwa macho inabaki imara chini ya maneno yoyote.

Mwisho, chunguza nakala uliyo nayo. Kampuni iliyoisambaza Shaolin Soccer nchini Marekani iliichelewesha hadi mwaka 2004 na kuikata hadi chini ya dakika 90, na kilichokatwa ni pumzi: ukimya kabla ya utani, sura ya Ng Man-tat, aliyemcheza Fung, akimeza aibu yake. Ng Man-tat alifariki mwaka 2021, na katika nakala fupi nusu ya ustadi wake haionekani. Tafuta ile ndefu ya karibu dakika 112, yenye sauti ya Kikantoni, usome tafsiri chini ya picha. Itazame kwanza, kisha The Champions, ili uone mwili ukifanya peke yake kile ambacho kompyuta ilikuja kusaidia. Kung Fu Dunk iweke ya tatu, uione kazi ya fundi yule yule ikipotea katika mikono mingine. Kwa filamu zote nilizozitaja hapa, Shaolin Soccer ndiyo kipimo, na hakuna iliyoifikia.